Amina ya Grupu la Kata

Katika kanisa letu, kiongozi akisema "Bwana asifiwe" hatuliachi neno lining'inie hewani. Tunaitikia. Nimeitikia hivyo tangu nikiwa mtoto wa darasa la ubatizo, na baadaye, katika miaka yangu mingi ya uinjilisti, nikawa mimi ninayeitikiwa. Ninasema Amina nikipokea maji ya kunawa, ninasema Amina mtu akipiga chafya, na mke wangu anadai kwamba ninaisema hata usingizini.

Kwa hiyo binti yetu anayeishi Dodoma mjini aliponiletea simu ya kupangusa, baada ya mimi kutolewa mtoto wa jicho pale hospitali ya Mvumi, neno la kwanza nililojifunza kuliandika lilikuwa hilo. Ni herufi tano tu, na kidole changu kinene kilizizoea upesi. Binti aliniingiza katika makundi matatu: la ukoo, la kwaya ya wazee, na grupu la kata. Hilo la tatu lilianzishwa na mtendaji wa kata yetu, mama mmoja mchapakazi aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine. Humo tunapata habari za chanjo ya mifugo, za misiba na za mbegu za mtama. Diwani yumo, walimu wamo, na wamo pia maofisa kadhaa wa halmashauri ambao siwezi kuwaona kwa macho isipokuwa wakija na gari.

Mtendaji ni mtu wa adabu. Kila tangazo lake huanza na salamu: "Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, shikamooni wazee wetu." Mimi huamka mapema kusali, basi mara nyingi nilikuwa wa kwanza kuitikia. Nikishaandika Amina, wengine nao huandika. Wazee wenzangu wengine hawaandiki kitu mpaka waone ya kwangu. Niliona ni baraka ndogo ya uzeeni, na sikuona ubaya wake.

Sasa niseme kuhusu korongo, maana bila korongo mambo haya hayana maana.

Kijijini kwetu, upande huu wa Mvumi, hatuna mto unaotiririka mwaka mzima. Tuna korongo pana lenye mchanga mweupe. Mvua zikinyesha maji hupita kwa siku chache kwa kelele nyingi, kisha huondoka, na mgeni akipita mwezi wa tisa ataona mchanga tu. Lakini chini ya mchanga ule maji yamelala. Kila mwaka kiangazi kikianza, wanawake huchimba visima pale pale penye kona, kila nyumba mahali pake, na huvizungushia miiba mbuzi wasiingie. Kiangazi kikizidi, shimo nalo huzidi. Bomba la kijiji lipo, tunamshukuru Mungu, ila pampu yake ina siku zake za kugoma. Kisima cha mchangani hakigomi. Kisima cha mke wangu alikionyeshwa na mama yangu mzazi, wiki ile ile niliyomleta nyumbani kama mwari. Ndicho kilichonywesha watoto wetu saba, na ndicho kinachonywesha bustani yake ya mchicha na vitunguu hadi leo.

Tangu serikali ilipohamia Dodoma, mji unajengwa usiku na mchana, na nyumba zinaota kuelekea Msalato kama uyoga. Nyumba inataka mchanga. Malori yakaanza kuulizia mchanga wetu, na vijana wa kijiji wakapata kazi ya kupakia kwa sepetu. Sikuwaonea wivu. Mtu anayekula kwa jasho lake anastahili kushukuriwa.

Siku moja mwezi wa saba, alfajiri baada ya sala, simu ililia. Ilikuwa salamu ya mtendaji: Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, shikamooni wazee wetu. Chini ya salamu kulikuwa na maneno madogo ya buluu, "soma zaidi". Sikuwa na haja ya zaidi. Nimesalimiwa, nimeitikia. Nikaandika Amina, nikaenda kuwafungulia kuku.

Hadi saa sita mchana zilikuwa zimejipanga Amina thelathini na kitu, pamoja na vile vikatuni vya viganja vilivyokutanishwa. Wote, kumbe, tulikuwa tumeitikia salamu.

Wiki mbili baadaye mke wangu alirudi kutoka korongoni na ndoo tupu. Aliiweka chini polepole, akakaa kwenye kigoda, akanitazama. Tumeoana miaka mingi, najua kwamba akikaa hivyo ni afadhali nimalize kutafuna kwanza.

"Mwinjilisti," aliniita. Huniita hivyo akikasirika. "Kuna watu wamepigilia vigingi vyenye rangi nyekundu pale konani. Kimoja kiko hatua mbili kutoka kisimani kwangu."

"Watu gani?"

"Wa kupima mchanga. Nimewauliza, nani kawaruhusu? Wamenijibu kwa heshima kabisa: mama, si mmekubali wenyewe kwenye grupu la kata? Hata mwinjilisti wenu ndiye alikuwa wa kwanza."

"Mimi sijakubali kitu."

"Basi sema hiyo kata yenu imekukubalia." Akainua kata yake ya kibuyu, ile ya kuchotea maji. "Mimi kata ninayoijua ni hii. Kisima alichonipa mama yako umekitoa kwa neno moja."

Nilichukua simu, nikavaa miwani, na kwa mara ya kwanza nikagusa yale maneno ya buluu. Ujumbe ulifunguka ukashuka chini kama mkeka. Ilikuwa rasimu ya sheria ndogo ya uchimbaji na usafirishaji wa mchanga, kurasa tisa zilizopigwa picha, na mtendaji aliomba wananchi watoe maoni kabla halmashauri haijaipitisha. Nilisoma kila ukurasa. Kifungu cha tano kilitaja korongo letu, kutoka mawe makubwa ya juu hadi upande wa chini kabisa wa daraja, na kulielezea kuwa "eneo la mchanga lisilo na matumizi mengine".

Maneno manne yale, lisilo na matumizi mengine, niliyasoma mara mbili. Nimezika watu, nimebariki ndoa, nimekaa na wagonjwa wa kila namna, na nimezoea kupokea habari nzito. Lakini ile iliniingia kifuani. Aliyeandika hakudanganya. Alipita kiangazi, akaona mchanga. Alipotuuliza kama ameona sawasawa, tukamjibu Amina.

Kesho yake nilikwenda ofisini kwa mtendaji. Alisimama nilipoingia.

"Shikamoo, Mwinjilisti."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kwa ajili ya Amina."

Hakuelewa, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akashika kichwa, kisha akacheka kidogo kwa uchovu.

"Baba yangu, mimi si mwenyeji hapa. Niliomba maoni, nikapata Amina thelathini na sita. Ningeandika nini kwenye muhtasari? Nimeandika wananchi wameridhia."

"Haikuwa kuridhia. Ilikuwa salamu."

"Na hao waliopigilia vigingi wamefanya haraka yao, sheria bado haijapita. Siku za maoni zimebaki sita." Alisukuma daftari lake pembeni. "Lakini nileteeni maneno, Mwinjilisti. Amina siwezi kuibandika kwenye kifungu. Andikeni kule kule kwenye grupu, ofisa mazingira wa halmashauri yumo na anasoma. Kimya chenu ndicho kinachotuumiza."

Njiani nilipita kwa rafiki yangu mwenye mashine ya kusaga. Yeye ni Mwislamu wa upande wa Chemba, na lugha yake ya nyumbani ina vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, ambavyo nimejaribu kuvitamka tangu tukiwa vijana, nikaishia kujing'ata ulimi. Ni mtani wangu, hanihurumii kamwe. Nilimsimulia akiwa anafunga mkanda wa mashine.

"Kwa hiyo umeitikia dua hujaisikia," alisema.

"Nimeitikia salamu."

"Mtani, hata sisi tunasema Amina. Lakini tunamsubiri imamu amalize. Nyinyi mtu akifungua mdomo tu, Amina. Akitaka kusema nyumba yenu inaungua, Amina."

"Nawe je? Umo kwenye grupu. Uliandika nini?"

Alikaza mkanda kwa muda mrefu kidogo. "Niliweka viganja," alisema. "Niliona yako, nikajua ni habari njema. Futa basi hiyo ya kwako, ifutike."

Tulikaa juu ya gunia la uwele, wazee wawili juu ya simu moja. Tuliitafuta Amina yangu ya siku ile, nikaikandamiza kwa kidole, tukapewa nafasi ya kufuta, tukafuta. Ikatoweka. Nikamshukuru Mungu. Kisha rafiki yangu akachomoa simu yake mfukoni, akaangalia, akanionyesha. Kwake Amina yangu ilikuwa pale pale, ya kwanza juu ya zote. Kumbe nilikuwa nimeifuta kwenye simu yangu peke yake, machoni pangu tu. Watu wote waliobaki waliendelea kuiona.

"Hiyo ndiyo toba yako?" aliuliza mtani.

Swali lile nilitembea nalo hadi nyumbani, maana ni jambo ambalo nimewahubiria wengine mara nyingi. Mtu hawezi kusafisha kosa kwa kuliondoa mbele ya macho yake mwenyewe. Alilosema mbele ya watu, alirekebishe mbele ya watu.

Mchana ule nikaandika. Nilichukua saa nzima, mke wangu akimenya vitunguu karibu yangu. Niliandika hivi: "Bwana asifiwe ndugu zangu. Amina yangu ya mwezi uliopita ilikuwa ya salamu. Sikusoma tangazo. Nimelisoma sasa, na sikubali kifungu cha tano. Korongo lina matumizi. Naomba radhi kwa kuwatangulia vibaya."

Nikatuma. Haikupita dakika tano, mzee mwenzangu wa kwaya akajibu: Amina. Akafuata mwingine: Amina. Na mwingine, na viganja.

Mke wangu alinisikia nikiguna. Nilipomwonyesha, alicheka hadi machozi, na si kwa vitunguu peke yake. Hasira yake ikaishia hapo. "Usianze na Bwana asifiwe," alisema akijifuta. "Atakusamehe mara moja hii. Anza na maji."

Nikaandika tena, bila salamu, na sikujisikia vizuri kuandika bila salamu: "Msiseme Amina. Kila nyumba iseme kisima chake kiko wapi, na leo maji yako chini kiasi gani."

Nikaweka simu kando. Nilidhani nimewaudhi. Kisha akaingia mama mmoja mjane, jirani wa kisima chetu, kwa ujumbe wa sauti. Alisema kwa Kigogo, maana ndiyo lugha anayoifikiria. Nyuma yake zilisikika sauti za watu wakichota. Alisema kisima chake kiko chini ya mti wa mkunazi, kwamba leo shimo linamfika mtu kiunoni ndipo apate maji, na kwamba mwaka ule pampu ilipokufa alinywesha watu wa nyumba kumi na moja na hakumfukuza hata mmoja. Akafuata mwingine na picha ya kata yake ikiwa imejaa. Kisha wa tatu. Mke wangu akaninyang'anya simu, akasema na yeye. Hajawahi kupenda simu, aliishika kama anavyoshika chungu cha moto.

"Mchanga ule ni kifuniko," alisema kwa Kigogo. "Ukikifunua chungu, maji yanakwenda na jua. Mkiutoa mchanga, mvua itapita juu ya mwamba na kutuacha tukiitazama."

Mtendaji akaniandikia pembeni: "Mwinjilisti, naona jambo kubwa linasemwa, lakini sielewi hata neno."

Hapo nikajua kazi yangu. Miaka yote ya uinjilisti, mhubiri mgeni akija, aliyesimama kando yake na kugeuza Kiswahili kuwa Kigogo nilikuwa mimi. Sasa nilipaswa kukigeuza Kigogo kuwa Kiswahili, na badala ya mhubiri kulikuwa na wanawake wenye ndoo. Kwa siku nne nilikaa barazani na daftari. Nilisikiliza kila sauti, mara nyingine mara tatu, kisha nikaandika chini yake alichosema, bila kuongeza na bila kupunguza. Rafiki yangu wa mashine naye alituma sauti kwa lugha yake, yenye vidoko vyote, nami nikamwandikia kwamba simu yangu karibu ipasuke. Alijitafsiri mwenyewe: shemeji zake wachungaji hunywesha ndama pale kila Alhamisi.

Si wote walioafiki. Kijana mmoja wa kupakia aliandika: "Wazee, nyinyi mna visima, sisi tuna nini? Mkifunga korongo mnafunga mikono yetu." Baadhi walianza kumsema vibaya. Nikawaomba waache, kwa sababu alikuwa amefanya nilichokiomba: alisoma, akajibu lililoandikwa. Mjane wa chini ya mkunazi akamuuliza kwa upole kwa nini wasichimbe upande wa chini wa daraja, ambako hakuna kisima hata kimoja na mchanga hujirudisha kila mvua. Jioni kijana akaandika: "Huko sawa, ila barabara mbaya. Watengeneze barabara."

Sijui nani aliyezitoa picha zile nje ya grupu. Binti yetu alipiga simu kutoka mjini kwamba ameona kata ya mama yake kwenye ukurasa wa mtandaoni ambako watu wengi wa Dodoma hujadiliana mambo ya jiji, na chini yake maneno niliyoyatafsiri. Watu tusiowajua walikuwa wakiuliza halmashauri maswali. Mmoja aliandika kwamba anajenga nyumba, na hakuwahi kufikiri kwamba mchanga wake ungeweza kutoka kwenye kisima cha mtu. Mke wangu aliomba asomewe hilo mara mbili. "Mwambie asione haya," alisema. "Na sisi hatukujua."

Siku ya mwisho ya maoni ofisa mazingira alikuja mwenyewe. Alikuwa amesoma yote, kwa sababu alimwita mjane "mama wa mkunazi" kabla hajatambulishwa. Alivua viatu, akateremka korongoni, akahesabu visima, na mke wangu akamchotea maji kwa ile kata. Alikunywa, akainama kutazama ndani ya shimo, akaandika kitu. Vigingi vyekundu aling'oa viwili kwa mkono wake, vingine akawaachia vijana.

Miezi ikapita, na sikuihesabu kwa wasiwasi. Mambo ya vikao yana mwendo wake, na mimi nimejifunza kungoja. Tulipanda uwele, tukapalilia, tukavuna, binti akatuletea perege wa kukausha kutoka Mtera.

Kisha asubuhi moja simu ikalia. Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, shikamooni wazee wetu. Chini yake, soma zaidi.

Sikuandika kitu. Nilivaa miwani, nikachukua fimbo, nikamfuata mke wangu korongoni. Yeye alikuwa ndani ya kisima hadi magotini. Nikakaa ukingoni nje ya miiba, nikaanza kumsomea, kurasa zote, hata zile za ukubwa wa malori.

Tukiwa ukurasa wa nne simu iliita. Alikuwa mtendaji, na sauti yake ilikuwa na hofu.

"Mwinjilisti, kwema? Nimetuma tangazo tangu saa kumi na mbili. Sasa ni saa mbili, hakuna hata Amina moja. Kuna msiba?"

"Kwema, mwanangu," nilimwambia. "Watu wanasoma."

Nikamsikia akicheka.

Niliendelea. Kifungu cha tano kilisema kwamba kutoka mawe makubwa hadi darajani hautachimbwa mchanga kwa ajili ya kusafirishwa, na kwamba upande wa chini wa daraja kuchimba kutaruhusiwa, kwa kina kisichozidi kiuno cha mtu mzima, barabara ikishatengenezwa. Katika ukurasa wa maana za maneno, ambao mwanzoni haukuwa na neno letu hata moja, waliongeza mstari: kisima cha mchangani ni shimo linalochimbwa kwa mkono katika mchanga wa korongo, ambao ni kifuniko cha maji yaliyo chini yake.

Mke wangu aliacha kuchota. "Kifuniko," alisema. "Hilo ni langu."

"Ni lako."

"Rudia."

Nikarudia. Kisha nikasoma sahihi, muhuri, na anwani ya halmashauri, hadi herufi ya mwisho. Akanipitishia kata juu ya miiba nikanywa. Maji yalikuwa baridi, yenye ladha ile ya udongo ninayoijua tangu utotoni.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Basi itikia."

Nikaandika: "Nimesoma hadi mwisho. Amina." Kabla sijarudisha simu mfukoni ilianza kutetemeka, Amina moja baada ya nyingine, nami nikaiacha itetemeke huku nikimpokea ndoo.